Firigisi ya Jitu la Mnarani

Haya, mmerudi tena. Kila mtu mwenye kalamu anapita kwangu: bibi, tuandikie kisa cha Sitti na lile jitu la televisheni. Kwani mji mzima wa Koboko nimebaki mimi peke yangu mwenye kumbukumbu? Mkono huu umezoea mwiko, kalamu inaniteleza kama kambare. Lakini nikikataa mtaenda kwa Taban, naye atawaambia yeye ndiye aliyepatanisha watu, mwongo yule. Basi nitaandika, ila nitaandika ninavyotaka. Na mtu asinisahihishe.

Sitti alizaliwa Lurujo, kwenye mihogo na simsim. Aliolewa na askari akiwa bado hajui kusonga ugali bila madonge, na madonge hayo yalimfuata mume mpaka kaburini. Alikuwa mwanamke mfupi, mpana, mwenye kanga iliyofungwa juu kabisa, karibu na shingo, kama mtu aliye tayari kwa ugomvi. Hakuwahi kumwambia mtu pole. Akikukanyaga sokoni, alikuuliza kwa nini miguu yako ni mirefu.

Mwaka wa sabini na tisa, vita vilipofika na watu wa majeshi wakaanza kuvuka kwenda Zaire, mume wake hakujulikana aliko. Aliyewavusha ni kaka yake Sitti, Jada. Jada alimbeba Madina, binti wa pekee wa Sitti, shingoni, na Madina akavaa sufuria kichwani kama kofia ya chuma. Wakatembea hivyo mpaka ng'ambo, mtoto anagonga sufuria kwa kijiko, Jada anasema, "Piga polepole, afande, masikio yangu."

Huko Zaire walilima mashamba ya watu. Mume akawafuata, akaugua, akazikwa hukohuko. Vita vilipotulia wakarudi. Jada akaenda Lurujo kwenye shamba la baba yao, Sitti akapanga chumba Koboko mjini na kuanza kukaanga mandazi. Madina akakua, akawa msichana wa kutazamwa, na kijana mmoja fundi cherehani kutoka Arua akamtazama mpaka akaleta wazee wake.

Hapo ndipo balaa lilipoanzia, kwenye jogoo.

Kwetu, siku wachumba wanapokuja, firigisi ya jogoo ni ya mjomba wa binti. Haigawanywi, haionjwi, hata mpishi halambi kidole. Sitti alilijua hilo kabla ya kuota meno. Lakini siku ile Jada alichelewa. Mnyororo wa baiskeli yake ulikatika njiani, akaja kwa miguu anaisukuma, na wageni walikuwa wamekaa tangu asubuhi, matumbo yao yanaongea kuliko wao wenyewe. Sitti akapakua. Mzee wa upande wa bwana harusi akachovya mkono, akaipata firigisi, akaitafuna huku anasifu nyumba.

Jada alifika mikono imejaa mafuta ya mnyororo. Akanawa, akakaa, akafunua bakuli. Ndani kulikuwa na shingo. Jada akaitazama shingo, shingo ikamtazama Jada.

"Firigisi iko wapi?"

"Iko tumboni mwa wageni," Sitti akasema. "Na wewe ulikuwa wapi?"

 Jada alifunika bakuli vizuri, akasimama, akachukua baiskeli yake isiyo na mnyororo, akaisukuma tena mpaka Lurujo.

Sasa, mtu wa mbali atasema ni nyama tu. Nyama tu! Bila maji ya mjomba, binti hatoki nyumbani. Sheikh ana kazi yake, anasoma, anamaliza. Lakini kabla ya sheikh, kaka wa mama anachukua maji mdomoni, anamnyunyizia binti kifuani, anasema maneno yake, ndipo ndoa inakaa na watoto wanakaa. Harusi ilipangwa Jumamosi, na Jada alikuwa ametuma neno moja tu kutoka Lurujo: maji ya huku yamekauka.

"Mama, nenda umwone," Madina alimwambia, macho yamevimba kwa kulia.

"Niende Lurujo nikafanye nini? Mihogo ninayo hapa."

"Nenda useme pole."

"Pole ya nini? Mimi nilikata mnyororo wake?"

Madina akalia tena, na Sitti akakanda unga kwa nguvu hadi meza ikalegea miguu.

Mandazi yenyewe aliyauzia mlangoni kwa Taban. Taban alikuwa askari wa zamani, tumbo mbele, redio begani, na alikuwa na kibanda cha video chenye mabenchi ya mbao, magunia dirishani ili giza liingie, na jenereta iliyokohoa nyuma ya ukuta. Filamu zilikuwa za Kiingereza, basi Taban alisimama kando ya televisheni na kuwatafsiria watu. Kiingereza hakukijua, lakini alikuwa hakijui kwa sauti kubwa, na watu walitosheka.

Siku moja akarudi kutoka Arua na kitu kipya. Gemu. Sanduku la kijivu lenye waya, na mwisho wa waya kidude cha kubonyeza. Ndani ya televisheni kulikuwa na kijana mdogo mwenye upanga, na ukibonyeza anaruka, ukibonyeza anakata. Mchezaji wake alikuwa Onzima, mwendesha boda ya baiskeli, mwanaume mwembamba ambaye miguu ilimlisha lakini vidole ndivyo vilivyompa jina. Onzima akicheza, kibanda kilijaa mpaka watu wakakaa juu ya magoti ya watu wasiowajua.

Kijana wa upanga alipanda mnara. Huko juu kulikuwa na binti amefungiwa, anapunga kitambaa dirishani, na chini ya binti kulikuwa na ukumbi, na ukumbini kulikuwa na Jitu. Jitu jeusi, kubwa, pembe moja nzima na nyingine imevunjika. Lilikuwa limekaa peke yake kwenye meza ndefu. Kijana akiingia, Jitu halirukii vita. Linatazama kwanza sahani yake, nayo ni tupu. Tone moja la machozi, la buluu, kubwa kama embe, linaanguka sahanini. Kisha linasema maneno mengi, nayo yanaandikwa chini kwa maandishi kama kuku amekanyaga majivu, kwa sababu gemu ile ilitoka nchi za mbali sana, si Kiingereza, si Kiarabu. Kisha linasimama, linachukua shoka, na Onzima anakufa.

"Limesema nini?" watu wakauliza. Maana pale kila kitu kilikuwa kinatafsiriwa.

Taban akakohoa. "Linasema, mimi iko jenerali. Jeshi yangu yote imekimbia, imeniacha na mnara. Sasa mimi nalinda."

"Jenerali gani analia mbele ya sahani?" Onzima akasema. "Hiyo ni njaa, afande."

"Ni mwizi," akasema mwingine. "Ameiba binti ya mutu."

"Mwizi angekimbia. Huyu amekaa."

Wakabishana wakati wote ambao Onzima alikuwa anapanda mnara upya. Sitti alikuwa mlangoni na beseni lake, anajifanya hasikii. Jitu likatazama sahani tena. Chozi likaanguka. Na Onzima, Mungu amsamehe, akapiga kelele:

"Wallahi ni Jada! Amekosa firigisi!"

Nilidhani paa litaruka. Watu walicheka wakaanguka kutoka kwenye mabenchi. Mmoja alicheka huku ana andazi mdomoni, ikabidi apigwe mgongoni. "Mjomba! Mjomba wa mnarani! Amefunga binti mpaka aletewe nyama yake!"

Sitti akaingia ndani, beseni kiunoni.

"Nani amesema?"

Kila mtu akamtazama Onzima, na Onzima akalitazama Jitu kama vile litamsaidia.

"Kama ni Jada," Sitti akasema, "basi sikilizeni, nitawatafsiria mimi. Huyo amechelewa. Watu wamekaa, wamengoja, chakula kimepoa, wamekula. Sasa anakuja na pembe zake na kulia, kwani meza nzima ile si aliikuta? Onzima! Mkate huyo. Utakula mandazi bure mpaka umkate. Na siku ukimkata, binti yangu anaolewa bila maji ya mtu."

Maneno hayo yalitoka mbele ya watu, na Sitti hakuwa mtu wa kurudisha neno lililokwisha kutoka. Madina alipoyasikia alikaa chini pale uani, juu ya jiwe la kufulia, akawa hata kulia halii.

Basi wiki ile yote Onzima akawa anakula mandazi na kufa. Sitti aliacha mafuta yaungue ili asimame nyuma yake. "Ruka! Si huko, kulia! Mpige ule mguu, hata Jada mguu wake wa kulia ni mbovu!" Watu wakagawanyika. Waliokuwa wajomba wakakaa benchi la Jitu, waliokuwa na mabinti wa kuoza wakakaa benchi la upanga, na Taban akawa anatafsiri huku na huku kufuatana na nani amemnunulia soda.

Ikafika Alhamisi mchana. Onzima alikuwa vizuri siku ile, vidole vilikuwa vinalia kama mvua juu ya bati. Alilipiga Jitu mguu, akalipiga kifua, na kwa mara ya kwanza tangu gemu ifike Koboko, Jitu likapiga goti. Watu wote wakasimama. Sitti akashika bega la Onzima.

Na hapo akakiona.

Mezani, kando ya ile sahani tupu, kulikuwa na kibakuli. Kidogo, cha mtoto, na ndani yake kulikuwa na kitu chekundu, chakula. Kilikuwepo siku zote, lakini nani anatazama vyombo wakati shoka linakuja? Jitu lilikuwa linavuja damu, vumbi la ukuta linaanguka, na badala ya kuokota shoka, lilinyoosha mkono, likavuta joho lake, likakifunika kile kibakuli. Vumbi lisiingie.

Sitti akaona Zaire. Akaona lile shamba la watu, na jua, na Jada amekaa chini ya kivuli cha muhogo na sahani yake nyeupe tupu, anasema ameshiba, ameshiba kabisa, tumbo linamuuma kwa shibe. Na kofia yake imefunika kitu pembeni. Madina akirudi kutoka kisimani, Jada anafunua kofia: "Afande, posho yako."

"Mkate!" watu wanapiga kelele. "Onzima, maliza!"

"Wacha!" Sitti akasema, na akavuta waya.

Kidude kikaruka kutoka mikononi mwa Onzima. Kijana wa upanga akasimama kama mtu aliyesahau alichotumwa, Jitu likainuka, likamkata vipande.

Sijasikia matusi kama yale, na mimi nimeishi kambi ya jeshi. Onzima alikaa, mikono bado hewani, anabonyeza upepo.

"Mama Madina," akasema mwishowe, "umefanya nini?"

"Mkono uliteleza. Una mafuta."

Akachukua beseni akaenda nyumbani, na hata hela za mandazi ya siku ile hakukusanya.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa, siku moja kabla ya harusi. Asubuhi Sitti alichinja jogoo, yule aliyekuwa akiwika dirishani kwangu, hasara yangu haikuwa kubwa. Madina akamuuliza jogoo ni wa nani. "Ni wa kuliwa," Sitti akasema. Akaipika firigisi peke yake, na kitunguu, akaitia kwenye bakuli la bati, akalifunika kwa sahani, akalifunga kitambaa, akalizika katikati ya mandazi. Alikuwa anataka Onzima aipeleke Lurujo kwa baiskeli. Nilimwona. Alimwita Onzima, Onzima akaja.

"Nini, mama?"

"Hakuna. Baiskeli yako ni chafu."

Akamwita tena. "Nini?"

"Nimesema ni chafu."

 Jua likapanda, Onzima akaingia kibandani kucheza, na bakuli likabaki chini ya mandazi.

Sasa huko Lurujo, habari ilikuwa imefika, na habari ikifika Lurujo inakuwa imevaa nguo nyingine. Jada aliambiwa kwamba Koboko wamemtia kwenye televisheni, wamemwekea pembe, na watu wanamkata kwa panga kila siku huku dada yake anawalipa kwa mandazi. Basi alikuja. Alikuja na mnyororo mpya, kasi yote, akaitupa baiskeli ukutani, akampita Sitti mlangoni bila salamu, akaingia.

"Mimi iko wapi?"

 Taban akaelekeza kwa kidole kidogo. Jada akasogea mpaka pua ikakaribia kioo.

"Huyu? Huyu ndiyo mimi? Mimi niko na pembe?"

"Moja na nusu tu, mzee," Onzima akasema.

"Na kwa nini nalia?"

 Sitti alikuwa amesimama nyuma yake na beseni.

"Analia sababu alichelewa," akasema.

Jada hakugeuka. Akamjibu kupitia televisheni. "Alichelewa sababu nyororo yake ilikatika. Angalia pembe ile, unafikiri ilivunjikia nyumbani? Huyu ametoka mbali."

"Angetuma mutu aseme anakuja."

"Atume nani? Hapa ndani iko mutu mwingine? Yuko peke yake, maskini. Hata mbwa hana."

"Na kwa nini amefunga binti ya wenyewe?"

"Nani amesema amefunga?" Jada akapiga kioo kwa ukucha, na Taban akaruka. "Binti yuko dirishani anapunga kitambaa. Mfungwa anapunga kitambaa? Anaita mjomba wake apande juu. Anaita! Na mjomba hawezi kupanda, sababu mama ya binti hajamwambia panda."

Mtu mmoja nyuma akasema taratibu, "Eee, hiyo pia iko."

"Mama ya binti," Sitti akasema, na sauti yake ilikuwa imeanza kupanda na kushuka, "alikuwa na wageni. Wageni wana njaa. Mama ya binti alikuwa peke yake, hana mume, anapakua, anamwaga maji, anacheka na watu ambao hata hawajui. Unafikiri aliona mkono wa nani umeshika nini?"

"Angesema hivyo."

"Angeulizwa vizuri!"

Jitu likatoa chozi lake. Likaandika maneno yake ya miguu ya kuku. Onzima alikuwa ameshika kidude lakini habonyezi, anawatazama hawa wawili, na shoka likamuua bila yeye kujua.

Ndipo Sitti akaingiza mkono kwenye beseni. Mandazi yakaanguka chini, hakuyaangalia. Akatoa bakuli, akafungua kitambaa, akapita kati ya magoti ya watu, akaliweka juu ya kreti ya soda mbele ya televisheni, akafunua.

Harufu ya kitunguu ikajaa kibanda.

"Hii si ya mutu," akasema, uso umeelekea ukutani. "Hii ni ya huyu wa ndani. Nimemwona siku nyingi na sahani tupu. Imenichosha."

 Jada akaitazama firigisi. Akalitazama Jitu. Akaitazama firigisi tena.

"Huyu hana mdomo wa kweli," akasema.

"Najua."

"Itapoa."

"Itapoa, ndiyo."

"Nyama ya namna hii ikipoa ni dhambi." Akavuta benchi, akawasukuma wajomba wawili, akakaa. "Nitamlia. Kwa niaba yake." Na akaila, polepole, yote, akalamba kidole, na kwetu mtu uliyegombana naye akila mkononi mwako, ugomvi umekwisha, hata kama alikuwa anamlia jitu.

Kelele zilizopigwa zilileta watu kutoka soko zima. Mtu akamkimbilia Madina. Madina akaja mbio na unga mikononi, akasimama mlangoni, akamwona mjomba wake anatafuta kitu cha kufutia mdomo.  Alichukua kijiko kwenye kikombe cha chai cha Taban, akagonga lile bakuli tupu. Ko, ko, ko.

"Polepole, afande," Jada akasema. "Masikio yangu."

Jumamosi maji yalinyunyizwa. Jada aliyajaza mdomoni mpaka mashavu yakawa kama ya chura, akamlowanisha Madina, akamlowanisha fundi cherehani na shati lake jipya, kisha furaha ikampanda, akaingia kibandani na kikombe kulibariki na Jitu. "Umeme!" Taban akalia, akaikumbatia televisheni kwa mwili mzima, na maji yote yakamwishia yeye mgongoni. Hayo ndiyo anayoyaita kupatanisha watu.

Sitti mpaka anakufa hakusema pole. Ukimuuliza alisema alimpikia televisheni. Lakini kila Jada alipokuja mjini, jogoo mmoja alinyamaza.

Na Jitu halikukatwa kamwe. Onzima aliacha kulipiga. Akifika ukumbini aliweka kidude chini na kungoja, auawe kwa heshima. Baadaye jenereta ikafa, na Taban akaiuza gemu kwa mtu wa Inde, kule mbele ya Arua. Kibakuli kile ni cha nani, mpaka leo sijajua, na jambo hilo linanikera. Sitti alisema ni cha binti wa dirishani. Jada alisema ni cha mtoto aliyekufa. Taban alisema ni cha majivu ya sigara.

Sasa nimeandika, mkono umekufa ganzi, nanyi msikae hapo mnacheka. Wewe uliyesoma mpaka hapa, una miguu. Nenda Inde, umtafute aliyelinunua lile sanduku, upande mnara, ukifika mbele ya Jitu uweke upanga chini, utoe salamu, utazame kibakuli vizuri na mtu anayesoma maandishi yale awe kando yako. Kisha uje uniambie ni cha nani. Na usije mikono mitupu. Njoo na jogoo, na firigisi ni yangu.